John, Mwana wa Mwita

Ukimtumia pesa mtu wa Tarime, simu hukuletea jina lake kwanza ili uthibitishe. Kwingine majina matatu yanatosha kukuondolea wasiwasi, Tarime hayatoshi. MWITA CHACHA MARWA: ndiye? Huenda ndiye. Huenda pia ni binamu yake, au jirani yake, au fundi pikipiki wa Nyamongo ambaye hamjuani hata kwa sura, na ambaye hizo elfu hamsini zikimwingilia ataona Mungu amemkumbuka. Lakini likitokea JOHN MWITA CHACHA, mtumaji anashusha pumzi na kubonyeza namba ya siri. Akina Chacha ni wengi, akina Mwita hawahesabiki. John ndiye aliyemkusudia.

Kichekesho ni kwamba majina yaliyochakaa duniani kama John ni machache. Waingereza wenyewe liliwajaa tangu Karne za Kati hadi likawa halimtambulishi mtu. Ukiita John kijijini wanageuka kumi. Ikabidi kila mmoja atiwe alama: huyu mhunzi, yule mwoka mikate, yule anayekaa kilimani. Alama hizo zikarithiwa na watoto, zikawa majina ya ukoo, na watoto wengine wakaitwa tu wana wa John, yaani Johnson. Kule Wales wakawa Jones na Evans. Kwenye kiti cha enzi jina hilo halikuwa na bahati. Uingereza imekuwa na mfalme John mmoja tu, aliyetawala kuanzia 1199 hadi 1216, akabanwa na makabaila wake mpaka akaikubali Magna Carta mwaka 1215, na hajatokea wa pili. Mapapa ndio waliolikumbatia. Yohane wa mwisho, aliyeufungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1962, alikuwa wa ishirini na tatu.

Jina lililowashinda Waingereza kwa wingi ndilo linalowasaidia Wakurya wa Tarime kutofautishana. Sababu yake iko kwenye utaratibu wa kurithi majina. Mtoto wa Kikurya hupewa jina la aliyemtangulia, babu au bibi, hasa aliyekwisha lala, na majina yenyewe si mengi. Chacha anamzaa Mwita, Mwita anamzaa Chacha, na kwenye daftari la shule unakuta Chacha Mwita Chacha akikaa dawati moja na Mwita Chacha Mwita. Wasichana ni Bhoke, Ghati, Robhi, kisha unaanza tena. Hata vizazi vyenyewe, vile wanavyoviita amakora, vina majina yanayozunguka: upande mmoja Abasai, Abanyambureti, Abagamunyeri na Abamaina, upande mwingine Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Yakifika mwisho yanarudi mwanzo. Katika mzunguko wa namna hiyo wafu hawaondoki mbali, nalo ni jambo jema, ila wakala wa pesa anapata tabu.

Yapo majina ya tukio pia. Wambura ni wa mvua, Ryoba ni wa jua, na yamesambaa mkoa mzima wa Mara, mpaka kwa majirani wa Serengeti na Bunda. Mbunge aliyechaguliwa Serengeti mwaka 2015 aliitwa Marwa Ryoba Chacha. Majina matatu, yote ya nyumbani. Mtu akilisoma jina hilo Mtwara atajua kwao ni wapi bila kuuliza, wakati msomaji wa Mugumu atauliza: yupi?

Safari ya kwenda Dar es Salaam inayapindua mambo haya. Yule yule aliyekuwa John kwa wenzake wa Sirari akishuka stendi ya Magufuli anakuta mji umejaa akina John: John Mhehe, John Mchaga, John Mhaya, John dereva wa bodaboda. Jina lililomtofautisha nyumbani linazama. Kazini wanamwita Chacha, na wakizoeana wanamwita mura, neno ambalo kwao ni la kijana aliyekwisha pita jando na ambalo mjini limekuwa la kila mwanamume wa Mara, hata Mjita, hata Mzanaki ambaye lugha yake ni nyingine. Akienda likizo Krismasi, Chacha anabaki kwenye basi na John ndiye anayeshuka. Sioni kama ana majina mawili ya hadhi tofauti, moja la kweli na moja la kuazima, kama tulivyozoea kusikia kwenye midahalo ya utamaduni. Ana majina mawili yanayopokezana zamu kulingana na ni nani wamemzunguka.

Midahalo hiyo naifahamu na sitaki kuidharau. Mwaka 1972 Mobutu aliwaamuru Wazaire wayaache majina ya Kikristo, naye mwenyewe akautupa ubatizo wake wa Joseph-Désiré. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliacha jina la James. Kwetu serikali haikutoa amri ya namna hiyo, na aliyekuwa na uwezo wa kuitoa alikuwa mtu wa Mara. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaitwa kwanza Mugendi, kisha Kambarage, kwa jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku hiyo mvua ilinyesha. Jina la baba yake, Nyerere, lilitokana na viwavi waliovamia nchi wakati mzee huyo alipozaliwa. Mvua na viwavi. Ni jina la mkulima hilo, mwanzo hadi mwisho. Kambarage alisoma Mwisenge na Tabora kwa jina hilo, baba yake akafariki mwaka 1942, na Desemba 1943, akiwa na miaka 21, akabatizwa Nyegina na kuitwa Julius. Hakulikataa hata alipokuwa Rais, na Kambarage hakulificha: aliliacha katikati. Wananchi nao wakayaweka pembeni yote matatu, wakamwita Mwalimu.

John ana maana nzuri, ukitaka maana. Kwa Kiebrania ni Yohanan, Mungu amefadhili. Likapita Kigiriki na Kilatini, na kila lugha ikalinyoosha kwa mdomo wake: Jean, Juan, Giovanni, Johannes, Ivan. Waarabu wana Yahya, na kwa hiyo pwani walikuwa na jina hili karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga Mombasa. Waprotestanti wetu wanaandika Yohana, Wakatoliki Yohane, na katika tofauti hiyo ya herufi moja mtu mwenye sikio anaweza kujua familia inasali wapi. Lakini sijakutana na mzazi wa Tarime aliyemwita mwanawe John kwa sababu ya Kiebrania. Maana inasomwa baadaye, mtoto akishakua na kuanza kuuliza.

Kinachonivutia zaidi ni namna jina hilo linavyoingia kwenye Injili kwa ugomvi wa kifamilia. Injili ya Luka inasimulia kwamba mtoto wa Elisabeti alipofikisha siku nane, ndugu na majirani walishakubaliana aitwe Zakaria, jina la baba. Mama akasema hapana, ataitwa Yohana. Wale wakamkumbusha kuwa katika ukoo wote hakuna mtu wa jina hilo, kisha wakamgeukia baba, ambaye ulimi wake ulikuwa umefungwa, naye akaomba kibao akaandika jina lilelile alilolitaja mkewe. Watu wakastaajabu. Kikao kama hicho kingeweza kufanyika Nyamwaga. Bibi yeyote wa Kikurya angeelewa mara moja ndugu wale walikuwa wanapigania nini, na nadhani angekaa upande wao. Mtoto akipewa jina lisilo na mtu nyuma yake, nani atamlinda? Nani atakuwa amerudi?

Ndilo swali lililowakabili watu wa Mara miaka karibu mia moja iliyopita. Ziwa lenyewe lilikwisha bandikwa jina jipya na John mmoja: John Hanning Speke alilifikia upande wa Mwanza Agosti 1858 akaliita Victoria, kana kwamba Nyanza halikuwa jina. Huko Rabai, karibu na Mombasa, Wajerumani wawili, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walikwisha kaa miaka wakiandika maneno ya Kiswahili kwenye daftari. Hao walau walianza kwa kusikiliza. Kwetu wamisionari walifika polepole. Mapadri Weupe walikuwa Nyegina tangu 1911. Wamenoni kutoka Marekani wakaanzisha kituo Shirati mwaka 1934, mahali palipokuwa Tarime hadi Rorya ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 2007. Wasabato walikuwa wanazunguka pembezoni mwa ziwa, na mwaka 1946 wakaja mapadri wa Maryknoll.

Kila mmoja wao alikuwa na fungu lake la majina. Wakatoliki walitaka mtakatifu. Wamenoni na Wasabato, wasomaji wakubwa wa Agano la Kale, waliijaza nchi akina Nehemia, Samweli na Zedekia. Zedekia Kisare wa Shirati alifanywa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamenoni mwaka 1967. Yohana alipita kwenye milango yote. Kwenye kitabu cha ubatizo mara nyingi aliandikwa hivyo, Yohana. Umbo la John lilikuja kwa njia nyingine, kwa mwalimu wa Kiingereza, kwa karani, kwa jeshi lililotaka namba, cheo na jina fupi. Ndiyo maana bado unakuta mzee anayeitwa Yohana na kijiji kizima, wakati kitambulisho chake kinasema John na hati za wanawe zinamfuata.

Mtu akitaka kujua jina limebeba watu gani, Afrika Mashariki inampa wa kutosha. Wa ajabu kuliko wote ni John Okello. Alikuwa mtu wa kabila la Walango wa Uganda, fundi na kibarua aliyefika Pemba kutafuta maisha, na Januari 12, 1964, siku ya Mapinduzi, sauti yake ilisikika kwenye redio ya Zanzibar ikijitangaza kuwa ya Fildi Mashali na kutoa amri za kutisha. Hebu fikiria jina hilo likitamkwa asubuhi ile katika visiwa vya akina Yahya. Kabla watu hawajajua anataka nini, walikwisha jua kwamba si wa kwao. Miezi michache baadaye akaondolewa, na wale aliowasaidia kushika madaraka hawakuwa na haja ya kumkumbuka. Sidhani jina ndilo lililomponza, yalikuwapo mengi makubwa zaidi. Ila lilimsemea vibaya.

John Stephen Akhwari wa Mbulu tunamjua sote, yule mkimbiaji wa marathoni aliyeingia uwanjani Mexico usiku wa Oktoba 20, 1968, goti limefungwa bandeji, washindi wakiwa wamekwisha vishwa medali. Angalia kwamba hatumwiti John wala Stephen. Akhwari ndilo lililofika mwisho wa mbio. Naye John Malecela, aliyempokea Joseph Warioba uwaziri mkuu mwaka 1990, alijulikana kwa lakabu ya Tingatinga, na baadaye John mwingine, Magufuli, akafananishwa na mtambo huohuo kwa kazi yake ya barabara. John wawili, lakabu moja. Yaani hata kwa wakubwa jina hili halitoshi peke yake. Lazima mtu aliongezee mzigo mwingine ndipo lisimame.

Nyumbani Tarime mfano mzuri uko kwenye siasa. Chacha Zakayo Wangwe aliingia Bungeni mwaka 2005 na akawa makamu mwenyekiti wa Chadema kabla ya kusimamishwa na chama mwaka 2008. Julai 28 mwaka huohuo akafa kwa ajali ya gari Pandambili, Dodoma. Alikuwa na jina la Biblia, tena la yule tajiri mfupi aliyepanda mti, na hakulitumia hadharani. Taifa lilimjua kama Chacha Wangwe, na kwa muda fulani neno Chacha katika magazeti lilikuwa na maana ya mtu asiyeogopa mkubwa. Kisha akaja John Heche, aliyekuwa mwenyekiti wa vijana wa chama hicho, mbunge wa Tarime Vijijini kuanzia 2015 hadi 2020, na tangu Januari 2025 makamu mwenyekiti wa upande wa Bara, kiti kilekile cha Wangwe. Wilaya moja, kiti kimoja, mmoja akiitwa kwa jina la babu na mwingine kwa jina la mtume. Sijasikia mtu Tarime akidai kwamba Wangwe alikuwa Mkurya zaidi kwa ajili hiyo, wala kwamba Heche ni wa kizungu zaidi. Kwenye orodha ya wabunge wa huko majina yanachanganyika hivyohivyo: Charles Mwera, Nyambari Nyangwine, Esther Matiko, Michael Kembaki, Mwita Waitara. Wapiga kura wana mambo mengine ya kuangalia, kuanzia mgodi hadi ng'ombe.

Kwa wanawake John anaingia kwa mlango wa pembeni. Jane, Joan na Janet ni maumbo ya kike ya jina hilohilo, na Janet wa kwetu anaandikwa Janeth, kwa h ambayo sijui kama kuna Mwingereza angeitambua. Lakini mwanamke wa Tarime hulipata jina la John hasa kwa kuzaa. Bhoke akimpata kifungua mimba akamwita John, Bhoke mwenyewe anapotea midomoni mwa watu. Dukani ni Mama John, kanisani Mama John, kwenye daftari la kikoba Mama John, na itamchukua karani wa zahanati dakika nzima kumkumbusha kuwa ana jina. Kuna wanaolalamika juu ya jambo hili, na wana haki. Nimewaona pia wanaolivaa kama cheo.

Halafu ipo nyumba ntobhu, ambayo wageni huisikia wakashangaa na Wakurya huieleza bila kupaza sauti. Bibi asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane mwenye mji na mifugo, anatoa ng'ombe na kumwoa binti, kama vile anamwozesha mwana ambaye hakumzaa. Watoto watakaozaliwa baba yao wa damu hana sauti juu yao. Ni wa mji wa bibi aliyetoa ng'ombe, na jina la mji huo ndilo huwafuata. Mtoto wa nyumba kama hiyo anaweza kuitwa John Mwita akimfuata Mwita aliyekwisha kufa kabla mama yake hajaletwa kijijini. Mfumo huu una machungu yake, hasa kwa binti anayeolewa mdogo bila kuulizwa. Kwa suala la majina, hata hivyo, unaonyesha jambo ambalo fomu zetu hazina mahali pa kuliandika: la pili na la tatu kwenye kitambulisho si lazima yataje damu. Yanataja mji uliotoa ng'ombe.

Na hapo ndipo John alipokamatwa. Tanzania inataka majina matatu, lako, la baba, la babu. John Mwita Chacha akimzaa Marwa, mtoto anakuwa Marwa John Mwita. Marwa akimzaa Bhoke, anakuwa Bhoke Marwa John. Kwa vizazi viwili tu, jina lililotoka kwa mmisionari limefika nafasi ya babu, mwisho wa mstari, mahali ambapo ukoo huhesabiwa. Kisha mzee John anafariki. Anazikwa kwenye mji wake, wanachinja, miezi inapita, na mjukuu wa kiume anazaliwa. Aitwe nani? Ndugu wote wanajua jibu. Anaitwa John, kwa sababu ileile iliyowafanya wale ndugu wa Elisabeti wakatae. Padri atakayembatiza ataandika mtakatifu kwenye kitabu chake, na hakuna atakayemsahihisha. Lakini bibi yake anapombeba anamwita mume wangu, kama bibi wa Kiswahili yeyote anavyomtania mjukuu, ila huyu hatanii sana.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema majina ya kizungu yamewafuta mababu, nataka kumuuliza mababu gani. Mababu wa Tarime waliozaliwa miaka ya arobaini na hamsini wengi ni akina John, Petro, Samweli na Daudi. Huwezi kuwaheshimu kwa kuwavua majina waliyojibu maisha yao yote. Kilichopotea kipo, sikatai: zile habari ndogo za mvua, jua, viwavi na safari zilizokuwa zinaandikwa ndani ya watu zinapungua, na John haelezi hali ya hewa ya siku yoyote.

Sasa John naye anazeeka. Vijana wa Mugumu wenye simu kubwa wanaona ni jina la mzee wa baraza, la katekista, la mjomba mwenye redio ya betri. Wanataka kitu kipya, kifupi, cha kisasa, na ukisikiliza majina yanayotajwa siku za ubatizo utasikia Brayani, Brighton, na kwa wingi Ivan na Ian. Mama kijana anashikilia Ivan kwa sababu ukoo mzima hauna mtu wa jina hilo. Mama mkwe amenuna, anataka jina la marehemu John. Baba wa mtoto yuko kati, amenyamaza kama Zakaria. Ian ni John wa Waskoti na Ivan ni John wa Warusi, lakini kwenye kikao hicho hakuna anayelijua hilo, na wataendelea kubishana mpaka jioni.